Maswali na majibu: Kwa nini ua jekundu la vuli linatoka na ukungu?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninaishi Nyegezi, jijini Mwanza, na upigaji picha kwangu ni mapenzi tu, si kazi. Kila mvua za vuli zinapoanza, kati ya miamba iliyo nyuma ya nyumba yetu huchomoza lile ua jekundu la mviringo linalosimama juu ya bua moja. Nina kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 18–55. Picha ya kwanza niliyokutumia niliipiga saa kumi na moja jioni kwa tundu la lenzi la f/5.6, shata (muda wa kuingiza mwanga) ya sekunde 1/60 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 100, na ua limetoka na ukungu. Ya pili niliipiga saa saba mchana. Ua limekuwa doa jekundu lisiloonyesha vijiua vyake, ingawa histogramu, ile grafu ya mwanga ya kamera, ilionyesha kwamba mwanga uko sawa. Rafiki yangu ananishauri ninunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Je, ninunue? Na je, njia utakazonieleza zitafaa pia kwa yungiyungi na maua ya magugu maji kule ziwani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nimezikuza picha zako zote mbili na kuzitazama kipande kwa kipande, na jibu la swali la lenzi ni hapana, angalau kwa sasa. Picha hizo zina kasoro mbili tofauti kabisa, na hakuna hata moja inayotokana na lenzi uliyo nayo.

Nianze na ukungu, kwa kuwa ndio unaowakatisha tamaa wengi. Wanaoanza huuona kuwa ni ugonjwa mmoja, ilhali ni dalili ya magonjwa manne, na picha yenyewe hukuambia ni upi. Ikiwa picha nzima, mwamba na ua pamoja, imevutika kuelekea upande mmoja, mkono wako umetikisika. Ikiwa mwamba umetoka safi lakini ua limevutika, upepo ndio uliolisogeza. Ikiwa hakuna kilichovutika ila mwamba wa nyuma ni mkali kuliko ua, fokasi, yaani mahali lenzi inapolenga ukali wake, imeangukia nyuma; hili hutokea sana kwenye miamba ya Mwanza, kwa sababu uso wa matale una chembechembe nyeusi na nyeupe ambazo kamera huzishika kwa urahisi kuliko nyuzi nyembamba za ua. Na ikiwa sehemu ndogo ya ua ni kali huku sehemu nyingine zikififia polepole kuelekea nyuma, tatizo ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo ambalo lenzi inaweza kulionyesha kwa ukali kwa wakati mmoja.

Katika picha yako ya kwanza, tazama upande wa kushoto: chembe za mwamba zinahesabika. Kisha tazama vile vichwa vya chavua vya njano vilivyo kwenye ncha za nyuzi nyekundu. Kila kimoja kilipaswa kuwa nukta, lakini kimekuwa kistari kifupi, na vistari vyote vimelala upande mmoja. Huo ni upepo. Saa kumi na moja jioni ni wakati ambao upepo wa ziwani bado unavuma, kwa kuwa mchana kutwa nchi kavu imepata joto kuliko maji, hewa yake imepanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku nchi kavu hupoa upesi na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Mara nyingi asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, kuna kipindi ambacho hata jani halitikisiki, na mpiga picha wa maua anayeishi kando ya Ziwa Victoria anapaswa kukithamini kipindi hicho kuliko kifaa chochote cha dukani.

Shata ya 1/60 haikuweza kulisimamisha ua linaloyumba. Ipandishe hadi 1/500. Hapo utakuwa umepunguza mwanga mara nane, kwa hiyo uifidie kwa kupandisha ISO kutoka 100 hadi 800. Usiogope chengachenga zitakazoongezeka. Kamera za sasa huzimudu vizuri, na picha yenye chenga kidogo huweza kusafishwa, lakini ua lililovutika halirekebishiki. Stendi ya miguu mitatu inasaidia, ila ieleweke kwamba stendi inatuliza kamera, haitulizi ua. Kinachotuliza ua ni kijiti kilichochomekwa ardhini nje ya fremu na kufungwa na bua kwa uzi laini, au mtu wa kukukingia upepo kwa mwavuli au khanga.

Wewe, hata hivyo, una kinga bora zaidi, nayo ni miamba yenyewe. Kwa nafasi ya Mwanza ndani ya saa za Afrika Mashariki, mwezi Novemba jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwa kuwa tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hupanda karibu wima. Ikifika saa tatu limeshakuwa juu na vivuli vimekuwa vikali. Basi tafuta ua lililoko upande wa magharibi wa jiwe kubwa. Asubuhi litakuwa ndani ya kivuli, likipata mwanga laini wa anga, na jiwe litazuia upepo unaotoka mashariki. Kivuli cha namna hii kina rangi ya ubuluu ambayo macho hayaioni lakini kamera inaiona, kwa hiyo weka mizania ya rangi (mpangilio wa kamera wa kusahihisha rangi ya mwanga) kwenye alama ya kivuli, ile ya nyumba yenye mistari pembeni, la sivyo wekundu utaelekea zambarau.

Sasa kina cha fokasi, ambapo ndipo suala la makro linapoamuliwa. Ua hilo, ambalo wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus, ni tufe, na tufe halina uso mmoja wa kulengea. Tuseme lako lina kipenyo cha sentimita 15. Ukilijaza kwenye fremu ya kamera kama yako kwa f/8, eneo litakalokuwa kali lina unene wa sentimita 4 hivi. Kwa f/11, ambayo ni tundu dogo zaidi, ni kama sentimita 6, ambazo zinakaribia nusu yote ya mbele ya tufe. Hiyo inatosha kabisa, kwa kuwa nusu ya nyuma haionekani. Ila usilenge zile ncha za mbele kabisa, maana utapoteza unene ulio mbele yake angani. Lenga vichwa vya chavua vilivyo sentimita mbili au tatu nyuma ya ncha hizo, kwa kutumia pointi moja ya fokasi unayoichagua mwenyewe.

Ukisogea hadi karibu kabisa na kikomo cha lenzi yako, ambacho kwa lenzi nyingi za 18–55 ni kama sentimita 25 zikipimwa kutoka kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, na si kutoka kwenye kioo cha mbele, unene huo unashuka hadi milimita tatu au tano kwa f/8. Kupumua kwako tu kunatosha kuliondoa ua kwenye fokasi. Na lenzi ya makro ikifikishwa kwenye ukubwa wake kamili, ambapo ua linachorwa kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, unene unakuwa chini ya milimita moja. Ndiyo maana nasema makro ingekuzidishia tabu. Ni lenzi nzuri mno kwa mtu aliyekwisha kuumudu upepo na fokasi. Kwa asiyevimudu, inakuza makosa pamoja na ua.

Njia iliyo rahisi ni kinyume cha anavyodhani kila anayeanza: rudi nyuma. Ukipiga kutoka mara mbili ya umbali, kina cha fokasi kinaongezeka karibu mara nne. Kamera ya megapikseli 24 ukiikata picha yake nusu kwa upana na nusu kwa urefu inakubakizia 6, ambazo zinatosha kuchapisha picha ya ukubwa wa karatasi ya A4. Usivuke f/16 kwa kutafuta kina zaidi, kwani tundu dogo mno la lenzi hutawanya mwanga na kuilegeza picha nzima.

Picha ya pili ina kasoro ya rangi. Histogramu moja nyeupe ambayo kamera nyingi huionyesha kwanza hukokotolewa kwa kuupa kijani uzito mkubwa kuliko nyekundu na buluu, kwa sababu macho ya binadamu huhisi mwangaza zaidi kupitia kijani. Ua jekundu tupu linaweza kuwa limefurika kabisa katika mkondo wa nyekundu, yaani sehemu ya picha inayorekodi rangi hiyo, ilhali histogramu hiyo imetulia katikati. Mkondo ukifurika, tofauti kati ya uzi na uzi hupotea, na kinachobaki ni doa. Fungua histogramu yenye rangi tatu, tazama ile nyekundu, kisha kwa kitufe chenye alama za + na − punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua au hatua moja nzima (hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu), mpaka kilima chake kiache kugonga ukuta wa kulia. Piga faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ikiwezekana; kama unatumia JPEG, achana na mtindo wa rangi zilizokolezwa na uchague ule wa kawaida. Anayetumia simu abonyeze na kushikilia ua kwenye kioo ili fokasi ifungwe, kisha ateremshe mwanga kwa kidole.

Nakuomba pia usiling'oe ua ili kulipeleka penye mwanga mzuri. Litachomoza tena mwakani mahali pale pale, na kitunguu chake kina sumu, hivyo watoto wasikichezee.

Kuhusu ziwani, kanuni ni zilezile isipokuwa mbili. Kwanza, saa. Yungiyungi wa buluu hafunguki alfajiri. Hufunguka jua likishapanda na kufumba alasiri, kwa hiyo kipindi chako ni katikati ya asubuhi, ukitegemea mwanga wa mawingu mepesi au mtu wa kukushikia kitambaa cheupe juu ya ua. Magugu maji yana ua la zambarau hafifu lenye petali moja ya juu iliyo na doa la njano ndani ya duara la buluu. Lenga doa hilo, na utumie 1/500 au zaidi, kwa maana mmea unaelea na kila wimbi linaupandisha na kuushusha.

Pili, mng'ao wa maji. Filta ya polaraiza huuondoa ukiizungusha taratibu huku ukitazama, na hufanya kazi vizuri zaidi kamera inapotazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Hula mwanga wa hatua moja hadi mbili, kwa hiyo pandisha ISO kwa kiasi hichohicho. Piga kutoka mwaloni, juu ya mwamba au ndani ya mtumbwi, na usiingie majini kufuata ua hata kama ni kina cha magoti, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho huishi kwenye maji hayohayo tulivu yenye majani. Zumu ya 55 kutoka ukingoni, kisha ukate picha kama nilivyoeleza, itakufikisha pale unapotaka.