Unga wangu wa kahawia

"Kaka, nimechanganya salfadiazini na nitreti ya fedha, nimepata unga wa kahawia. Nimegundua kitu kipya?" Ameniandikia juzi binti wa mwaka wa tatu. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana unga huohuo ulinila muhula mzima.

Salfadiazini ni dawa ya bakteria, ya jamii ya salfa; ikishikana na fedha kutoka kwenye nitreti, inakuwa salfadiazini ya fedha, nayo si ngeni. Ndiyo krimu ya asilimia 1 wanayopakwa walioungua moto. Charles Fox wa Marekani aliitangaza mwaka 1968. Nayo ni nyeupe, jamani. Wangu ulikuwa rangi ya kahawa iliyokaangwa, nami nikaupa jina, nikauweka kwenye sahani za bakteria, ukaua! Usiku uleule nikampigia mama simu.

Siku ya kutetea tasnifu, mzee mmoja wa jopo akauliza: "Nitreti ya fedha peke yake uliijaribu?" Sikuijaribu. Akaifunga tasnifu yangu, pa! Mpaka leo sijampenda yule mzee, ingawa alikuwa sahihi.

Kosa langu lilikuwa kwenye haidroksidi ya sodiamu, alkali ya kuyeyushia salfadiazini kabla ya kutia nitreti. Salfadiazini ni asidi dhaifu: nitrojeni iliyo kati ya kundi la salfonili na pete ya pirimidini huachia haidrojeni yake, na fedha hujishika hapo. Nilitaka iyeyuke upesi, nikamimina alkali kwa macho. Ile iliyozidi ikaivamia fedha, ikafanya oksidi ya fedha, ambayo ni kahawia na bakteria inawaua vilevile. Sifa zote nilimpa salfa, kazi akifanya fedha.

Kwa hiyo pima, mdogo wangu. Gramu 1 ya salfadiazini inataka gramu 0.16 za haidroksidi na 0.68 za nitreti, basi. Unga ukizidi gramu 1.43, haujakauka au umechafuka. Vyombo usisuuzie maji ya kisima ya Dar; kloridi yake, ile ya chumvi, itaishika fedha kabla hujaanza. Funga chupa kwa foili, mwanga huuharibu. Halafu pima tena. Vijana mnakimbilia picha ya sahani kwa sababu inapendeza kwenye projekta, mizani mnaiona kazi ya fundi maabara. Kwenye sahani weka nitreti peke yake, salfadiazini peke yake, na kiyeyushi, yaani kimiminika ulichoyeyushia, peke yake.

Ukipata nyeupe, nitumie picha. Wangu bado upo, kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi juu ya kabati la mama. Yeye huwaonyesha wageni.