Jibu: Shemeji anayeyusha risasi uani, mtoto yuko salama?

Dada, umesema shemeji yako hapo Mikindani anapasua betri chakavu za magari uani, anayeyusha risasi (madini yaliyomo ndani ya betri, si ya bunduki) ya kutengenezea chubwi, yaani vizito vya nyavu, na mwanao wa miaka miwili anacheza hapohapo. Mwondoe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Risasi haihitaji kumezwa kwa wingi. Vumbi linakaa mchangani, mtoto anachezea, anatia vidole mdomoni, basi. Mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na akipungukiwa madini chuma au kalsiamu ndiyo zaidi. Kinachoumia hasa ni ubongo: anachelewa kusema, hatulii, darasani anabaki nyuma, na hasara hiyo hairudi. Upungufu wa damu, tumbo kuuma na choo kigumu navyo vipo, ila huku kwetu vyote husingiziwa minyoo. Sumu ikizidi huja degedege. Kule Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 kwa kazi hiihii ya betri.

Macho hayatoshi, kuna kipimo cha damu. Nenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Mtwara, mwambie daktari wazi habari ya betri. Waliokushauri maziwa "yanakata sumu", samahani, hayatoi iliyokwisha ingia.

Ua usifagiwe mkavu, mwagia maji kwanza. Nguo za kazi za shemeji zifuliwe peke yake. Na sufuria aliyoyeyushia isirudi jikoni, hata ikisuguliwa ikang'aa.