Kuficha siri hakuleti taharuki

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Nakuru. Nimeandika riwaya ya taharuki kuhusu mke na mume wanaohamia kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, ambako wenyeji hawataki hata kuwaona. Sababu ya chuki hiyo nimeificha hadi sura ya mwisho. Waliosoma mswada wanasema walichoka katikati. Je, niongeze vitisho au nifiche zaidi?

JIBU: Dada, usiongeze wala usifiche. Miswada ya namna hii hunifikia hapa Kisumu kila mara: mwandishi anajua yote, msomaji hajui lolote, na katikati yao zimejaa kurasa za watu waliokunja nyuso. Asiyejua lolote hana la kuhofia. Hofu huanza msomaji anapojua jambo ambalo mhusika halijui. Kabla boti ya wageni haijagusa ufuo, mwonyeshe mwenye nyumba akikwangua jina la mpangaji wa awali mlangoni. Basi. Kuanzia hapo, kila mke huyo akiufungua mlango ule, msomaji atakuwa roho mkononi. Sababu yenyewe ya chuki ifichuke katikati ya kitabu. Mwisho ubaki na swali la watatokaje.

Chuki nayo ionekane katika mambo madogo. Mama muuza omena anawajazia wengine gorogoro hadi inamwagika. Ya mgeni anaipitisha kiganja ikawa sawa na ukingo, bei ileile, huku anatabasamu. Kesho yake nahodha anasema boti imejaa, na ubao wa nyuma hauna mtu. Hapo hakuna haja ya mayowe ya usiku. Na usihangaike kukata mtandao wa simu kisiwani: mwenye boti ndiye mwenye njia, simu ishike isishike.

Tena ziwa limekupa kalenda na hujaitumia. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hivyo wavuvi hutafuta giza; mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na boti nyingi hulala ufuoni. Usiku wa giza, kisiwa chako kimebaki na wanawake na watoto. Mbalamwezi ikija, wanaume wamo nyumbani. Msomaji ajue mapema kwamba kuna jambo linangojea mwezi mpevu, kisha uache mwezi ukue.

Kinachoniudhi kuliko yote ni wenyeji wabaya bure. Chukua visiwa vya ziwa hilo, Remba, Ringiti, Migingo: huko wengi ni watu wa kuja, Wakenya, Waganda na Watanzania. Mahali palipopokea wote hao, kwa nini pawakatae hawa wawili? Labda kuna nyavu zilizopotea, au deni, au maiti ambayo haikurudishwa kwao. Ukikosa jibu, umewatukana watu wa ziwa ili upate riwaya.

Najua ushauri huu wa kuficha unakotoka. Kwenye makundi ya WhatsApp wamejaa wanaojiita makocha wa riwaya, wanauza fomula: kila sura iishe kwa kishindo, siri ifungwe hadi mwisho, ikishindikana ingiza mchawi. Vijana wanalipa, na mswada unarudi umebadilishwa koma tu. Kabla hujamtumia mtu hata shilingi, mwombe ukurasa mmoja aliouhariri, wenye alama zake, akueleze alikata nini na kwa nini. Akianza kukuonyesha vyeti badala ya ukurasa, achana naye.