Seva iko Uholanzi, mwenye tovuti yuko Chake: jibu kwa aliyepokea barua ya wakili

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naandika kumjibu ndugu yetu wa Chake Chake anayeendesha tovuti ambayo watu hupandisha na kupakua nyimbo za taarab, mawaidha na filamu, na ambaye amepokea barua ya wakili wa kikundi kimoja cha taarab inayomtaka aziondoshe nyimbo zao na alipe fidia. Ameuliza kama anaweza kushitakiwa ilhali yeye mwenyewe hakupandisha hata wimbo mmoja, na seva anayoikodi iko Uholanzi. Wengi waliotangulia kumjibu wamemwambia aiweke barua hiyo kando, kwa kuwa seva iko nje na hakuna wa kumfikia. Mimi ni msimamizi wa studio ndogo ya kurikodi huku Ng'ambo, Unguja, na nimewahi kuwa upande wa wanaoandika barua kama hiyo. Kwa nilivyoyaona mambo haya, ushauri wa kuipuuza utamponza.

Hoja ya kwamba "mimi sikupandisha, na mafaili hayako kwangu" ina umri mkubwa na imeshajaribiwa mahakamani. Ndiyo waliyoitegemea Napster, huduma iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999. Nyimbo zilikuwa katika kompyuta za watumiaji, na Napster yenyewe ilitunza orodha tu ya nani ana wimbo gani. Mahakama ya rufaa ya San Francisco iliikataa hoja hiyo Februari 2001, na kufikia Julai mwaka ule huduma ilikuwa imezimwa. Ikaja tena Stockholm mwaka 2009 katika kesi ya The Pirate Bay, tovuti iliyobeba vijifaili vya torenti peke yake, yaani maelekezo ya pahala pa kulipata faili lenyewe. Hukumu ya tarehe 17 Aprili 2009 iliwatia hatiani watu wanne kwa kusaidia uvunjaji wa hakimiliki, kila mmoja akapewa kifungo cha mwaka mmoja, na wote kwa pamoja wakatakiwa kulipa fidia ya kronor (sarafu ya Uswidi) milioni 30. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilipunguza vifungo vya watatu kati yao, lakini ikaipandisha fidia hadi kronor milioni 46. Kwa maoni yangu, kilichowaangusha ni barua. Kwa miaka kadhaa wenye haki walikuwa wakiwaandikia, na wao walizichapisha barua hizo kwenye tovuti yao pamoja na majibu ya kejeli. Mtu aliyefanya hivyo hawezi tena kusimama mbele ya hakimu akasema hakujua.

Tazama sasa upande mwengine. Mwezi Februari 2007 kampuni ya Viacom iliwataka YouTube waondoshe video zaidi ya 100,000 kwa mpigo, na kufikia siku ya kazi iliyofuata karibu zote zilikuwa zimeondoshwa. Viacom waliwashitaki hata hivyo, wakidai zaidi ya dola bilioni 1, na kesi ikavutana kwa miaka mpaka pande mbili zilipopatana mwaka 2014 bila ya YouTube kupatikana na hatia. Walilindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ambayo inamkinga mwenye huduma asibebe dhima ya vilivyopandishwa na wateja wake, kwa sharti kwamba akiarifiwa aviondoshe upesi. YouTube na The Pirate Bay zote zilikuwa na kazi za watu wengine zisizo na ruhusa. Tofauti yao kubwa mbele ya sheria ilikuwa ni mwenendo wao baada ya kuarifiwa, na hapo ndipo ulipo wewe leo, mdogo wangu, na barua yako mkononi.

Niseme yaliyotufika sisi, kwa sababu ndiyo yatakayokuonesha namna wakili wa upande wa pili anavyoijenga kesi. Tulikuwa tumerikodi nyimbo za kikundi kimoja cha wazee na vijana mchanganyiko, ganuni, udi, fidla mbili, akodiani na wapiga dumbak, kazi iliyolipiwa kwa michango ya wanakikundi wenyewe na kwa mkopo wa mmoja wao. Kabla hatujatoa chochote, mpwa wa mpiga fidla mmoja akapiga simu kutoka Mombasa kumpongeza mjomba wake kwa nyimbo nzuri. Alikuwa amezipakua bure kwenye tovuti moja yenye matangazo ya kila aina, na zilikuwa zimeshapakuliwa na watu wengi kuliko tulivyotarajia kuuza mwaka mzima.

Tulipoupakua wimbo wa tatu nikausikiliza kwa spika za studio, nikasikia uzi wa ganuni unakatika katikati ya taksim, yaani pale chombo kinapopigwa peke yake, na baada yake mpigaji anavuta pumzi na kuendelea kwa nyuzi zilizobaki. Sehemu ile tuliirikodi upya siku ya pili na haimo katika miksi ya mwisho. Ilikuwemo katika nakala moja tu ya majaribio, ambayo tulimpa mtu mmoja kwenye flashi ili asikilize. Kwa hiyo tulijua faili limetoka wapi, na tulikuwa na rikodi zetu za awali, zenye kila chombo peke yake na tarehe zake, za kuonesha kwamba kazi ni yetu. Mzee wa ganuni alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama waliousikia Mombasa watadhani hivyo ndivyo anavyopiga. Hasara ya namna hii haiingii katika hesabu ya fidia, lakini iliniuma kuliko pesa, na hadi leo inaniuma.

Wakili wetu alikuwa mtu wa utaratibu sana. Alitaka kurasa zote zipigwe picha zikiwa na tarehe na anuani kamili juu yake, alitaka tendo la kupakua lirikodiwe kwa video mbele ya shahidi asiyekuwa mwanakikundi, na alitaka anuani ya kila wimbo iandikwe katika barua, wimbo kwa wimbo, ili mwenye tovuti asipate kusema kwamba hakuelewa anatakiwa aondoshe nini. Barua ilikwenda kwa mwendeshaji, na nakala zake zikaenda kwa kampuni ya nje iliyomkodisha seva na kwa kampuni iliyomsajilia jina la tovuti. Mara nyingi kampuni hizi humjali mlalamikaji kuliko mteja anayelipa dola chache kwa mwezi, na ndiyo maana seva kuwa nje hakukumpa mwenzetu yule kinga aliyoitarajia.

Nyimbo ziliondoshwa, kisha zikarudi. Zilirudi kwa majina mengine, jina la kikundi limegeuzwa herufi, lakini faili ni lile lile, ukubwa wake ukilingana hadi baiti ya mwisho na uzi wa ganuni ukikatika pale pale. Tangu siku ile wakili wetu aliacha kuzungumza juu ya nyimbo akawa anazungumza juu ya mtu. Waendesha mashitaka wa Marekani wamefanya vivyo hivyo dhidi ya Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawa mafaili: hati yao ya mwaka 2012 inadai kwamba ilipokuja taarifa ya kuondosha, wenye tovuti walifuta kiungo kimoja na kuliacha faili likiendelea kupatikana kwa viungo vyengine, na kwamba waliwahi kuwalipa zawadi watu waliopandisha mafaili yenye kuvuta wapakuaji wengi. Mambo haya mawili, kuondosha kwa macho tu na kupata pato kutokana na kazi za watu, hugeuza dhana ya uzembe ikawa dhana ya kusudi.

Pato ndilo lililotufikisha kwa mwendeshaji wa tovuti iliyoweka nyimbo zetu. Chini ya tovuti palikuwa na maneno "Tangaza hapa" na namba ya simu ya kupokelea pesa, na namba ya simu ina jina la mtu. Mwaka 2016, Artem Vaulin, anayedaiwa kuwa ndiye mwenye KickassTorrents, tovuti nyengine ya torenti, alikamatwa Poland kwa maombi ya Marekani baada ya mpelelezi kujifanya mtu anayetaka kununua tangazo na hivyo kuelekezwa kwenye akaunti ya benki. Tena anuani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao, iliyotumika kununua kitu iTunes, duka la nyimbo la Apple, ilionekana kuwa ndiyo iliyotumika kuingia katika ukurasa wa Facebook wa tovuti ile. Kama mtu mwenye seva katika nchi kadhaa alifikiwa kwa njia hiyo, mtu wa Chake anayepokea malipo kwa simu hana pa kujificha, na sikushauri ujaribu.

Kuhusu sheria ya kwetu, hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na Tanzania Bara ina yake ya mwaka 1999, kwa hiyo mwanzo kabisa wakili ataangalia wewe uko wapi na madhara yametokea wapi. Hata hivyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi pande zote mbili, ukiacha kifungu kimoja tu, na kifungu chake cha 24 kinazungumzia haki za ubunifu waziwazi: kwa asiyefanya biashara, faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, na kwa anayefanya biashara, faini isiyopungua shilingi 20,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Matangazo yako yanaweza kukutoa katika kundi la kwanza na kukuingiza katika la pili. Sheria hiyo hiyo haikulazimishi kukagua kila kinachopandishwa, na imeweka utaratibu wa taarifa ya kuondosha ambao, ukiufuata, unakusaidia. Wala usimsikilize anayekwambia kwamba kikundi hakikusajili nyimbo zake na kwa hiyo hakina haki. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki na Tanzania iliuingia mwaka 1994, haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe; usajili unarahisisha kuithibitisha tu.

Sasa naomba niwageukie wale wengine mlioandika kwamba tovuti yote ifungwe na kijana akamatwe, kwa sababu na hilo silikubali. Megaupload ilipozimwa tarehe 19 Januari 2012 ilikuwa ikijinasibu kuwa na watumiaji waliojisajili zaidi ya milioni 150, na miongoni mwao walikuwemo watu walioweka humo kazi zao halali. Mtu mmoja wa Ohio aliyekuwa akipiga video za michezo ya skuli alikwenda mahakamani kuomba arejeshewe video zake mwenyewe, na suala la nani alipie gharama za kuzitunza seva zile likabaki likisukumwa baina ya serikali, kampuni ya seva na wenye mafaili. Wakati huo huo kesi yenyewe haikwenda upesi: Kim Dotcom, mwanzilishi wa Megaupload, alikamatwa New Zealand mwaka 2012, na amri ya kumpeleka Marekani ilisainiwa na waziri Agosti 2024. Katika tovuti ya ndugu yetu, kwa alivyoeleza mwenyewe, mna maulidi ya vijijini na darsa za masheikh waliokwishatangulia mbele ya haki, rikodi ambazo huenda hazipo pahala pengine popote. Sisi tulipofika kwenye kudai, tulimwambia wakili aombe nyimbo zetu ziondoshwe na zisirudi, na tulipwe kwa kiasi cha matangazo yaliyopatikana kwazo. Hatukuomba jina la tovuti lifutwe. Tulipatana kabla ya hukumu, akalipa kwa mafungu, na kikundi kikamsamehe sehemu ya mwisho kwa sababu mama yake alikuja mwenyewe studio kuzungumza na wazee. Nyimbo hazikurudi tena.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ondosha leo nyimbo zote zilizotajwa katika barua, na zile nakala zake zenye majina mengine usisubiri uambiwe, kwa kuwa unaweza kuzitafuta kwa ukubwa wa faili. Mjibu wakili kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, ukieleza umeondosha nini na saa ngapi, bila ya kukiri wala kukana dai la fidia mpaka upate wakili wako. Zima matangazo katika kurasa za nyimbo ambazo huna ruhusa nazo. Weka ukurasa unaoeleza namna ya kuleta malalamiko na anuani ya barua pepe inayosomwa na mtu. Mfungie aliyezipandisha, lakini tunza taarifa zake, kwani wakili ataziulizia. Kisha omba kukutana na wenyewe wa kikundi, uende na mtu mzima wa kwenu, na uwe tayari kuonesha hesabu halisi za matangazo. Nakala za maulidi na darsa zihifadhi mapema katika diski ya pembeni, ili yakitokea ya kutokea zisipotee pamoja na nyimbo. Kumbukumbu za seva usizifute hata kama zinakutia hofu: ndizo zitakazothibitisha kwamba uliondosha siku ile ile uliyoambiwa, na kuzifuta baada ya kupokea barua ni jambo ambalo hakuna wakili atakayeweza kulieleza kwa niaba yako.