Baba mkwe amepata nafuu: tumrudishe Idjwi?

SWALI: Docta, baba mkwe wangu ana miaka 61. Aliletwa Bukavu kutoka kisiwa cha Idjwi tumbo limemjaa, siku mbili hapati choo wala hatoi hewa. Tukaambiwa utumbo umejisokota. Walimpitishia sonda, ule mpira mwembamba, njia ya haja kubwa, hewa ikatoka kwa nguvu, tumbo likashuka. Sasa anakula bugali na sambaza vizuri, lakini wanataka kumpasua. Yeye anataka kwenda kwake. Hawezi kupona hivihivi? – Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, msimpeleke Idjwi bado. Sonda imefungua fundo tu. Kipande cha utumbo mpana kilichojisokota kingali tumboni, kirefu vilevile, na wagonjwa wanaoishia kwenye sonda, nusu yao au zaidi hurudiwa.

Ninachoogopa ni ule usiku utakapomrudia. Utumbo ukijisokota, damu nayo hukatika, na baada ya saa kadhaa nyama yake huanza kufa. Yeye atakuwa kisiwani anangoja boti ya asubuhi. Akifika utumbo umeoza, hatari ya kufa huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu anayepasuliwa akiwa na nguvu kama yeye leo. Akiponea hapo, huenda akavaa mfuko wa kinyesi tumboni kwa miezi, kisha apasuliwe tena ili utumbo uunganishwe. Kama mnakimbia gharama, itawarudia maradufu.

Akipasuliwa sasa, kipande hicho kinakatwa, ncha mbili zinashonwa pamoja, mara nyingi bila mfuko. Baada ya hapo kujisokota tena ni nadra. Wengi hurudi shambani kwao.

Miaka 61 peke yake haimzuii. Kama ana ugonjwa wa moyo, kisukari au presha, mwambieni daktari mapema, maana hayo ndiyo yanayobadilisha hesabu.

Najua mzee atawataja waliokufa baada ya kupasuliwa. Muulizeni kwa upole: walikaa siku ngapi nyumbani kabla ya kuletwa?

Akikataa kabisa, basi akae kwenu Kadutu, hapahapa Bukavu. Tumbo likianza kujaa na hewa haitoki, asipewe chakula, wala dawa ya kuharisha, wala ile ya miti inayopitishwa nyuma, kwani utumbo uliojaa hivyo unaweza kupasuka. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.