Simu inanila usiku, nifanyeje?

Mdogo wangu wa Lindi, umeuliza utaachaje kuperuzi video mpaka saa saba usiku, na ungependa walau ujifunze kitu kila siku. Usianze kwa kuapa. Mimi niliapa mara tatu, na kila mara nikaishia kitandani naangalia mtu nisiyemjua akipika pilau.

Kilichonisaidia ni umbali. Simu inachajiwa sebuleni; karibu na mto wangu kuna daftari na kalamu tu. Zile video zimepangwa zisiwe na mwisho, ikiisha moja inaingia nyingine, ndiyo maana "moja tu" haijawahi kuwa moja.

Halafu chagua jambo moja la wiki nzima, tena la karibu nawe. Mimi nilianza na Tendaguru, huko huko mkoani kwako. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, na dinosaria mmoja leo amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nilisoma dakika 15 baada ya chakula cha usiku, nikaandika mistari mitatu, basi. Kesho yake nikawa najiuliza: wale wapagazi walilipwaje? Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye daftari, wala si nidhamu.

Ukichoka, andika mstari mmoja ulale. Programu za kukuhesabia dakika mimi siziamini. Nazo zinakaa humo humo kwenye simu.