Faili la baiti 20

Wadogo zangu mnaoanza kutunza seva, bakapu (nakala za akiba) zikijaza diski msikimbilie kufuta kwa umri. Mimi nilikimbilia.

Nilikuwa naangalia kompyuta ya ghala moja la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Diski ndogo, na kila usiku bakapu ya MySQL, programu ya kanzidata, inaongezeka. Nikaweka kwenye cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, amri ya find (hutafuta mafaili) yenye -mtime +7, yaani umri wa faili kwa siku, na -delete, yaani futa, nikaenda zangu kula sato. (Hiyo +7, wengi hawajui, hugusa faili likitimiza siku 8, kwa sababu find haihesabu siku ambayo haijakamilika.)

Baadaye paswedi ya kanzidata ikabadilishwa, skripti yangu haikuambiwa. Mysqldump, inayotoa nakala ya kanzidata, ikagonga mwamba. Gzip, ya kubana mafaili, iliyokuwa inaisubiri haikupokea kitu, ikafunga hewa, ikaripoti kuwa kazi imekwenda salama. Kila usiku faili jipya, tarehe sahihi, baiti 20. Na kila usiku find ikala moja la zamani lililokuwa zima. Umeme ulipokatika na jedwali la mizani likaharibika, folda ilijaa hewa tupu. Siku nne tulikaa na madaftari ya kupimia yanayonuka dagaa, tukiingiza kilo moja moja. Bosi hakusema kitu, na hilo ndilo lilinitesa zaidi.

Siku hizi skripti yangu inaanza na set -o pipefail, ili mysqldump ikianguka niisikie hata gzip ikisema salama. Kisha inasoma mstari wa mwisho wa bakapu kutafuta maneno “Dump completed”, ambayo mysqldump huyaandika ikishamaliza. Msiridhike na gzip -t, inayokagua kama faili la gzip ni zima, peke yake: lile faili la baiti 20 lingepita, maana ni gzip halali.

Bakapu ikifaulu hapo ndipo ufutaji unaruhusiwa, tena kwa idadi: 7 za siku, 4 za wiki, 12 za mwezi. Mafaili 23 basi. Bakapu ikigoma wiki mbili, hakifutwi chochote. Nakala moja naihamishia diski ya nje, inalala kwangu Igoma.

Ukilazimika kutumia find, wiki ya kwanza weka -print (huorodhesha tu) badala ya -delete, usome orodha. Ukishaiamini, -delete iwe mwisho kabisa wa amri. Ukiitanguliza mbele ya -mtime, inasafisha folda nzima bila kuuliza umri wa faili lolote.